Muuza Duka wa Kampala: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Maneno haya ni ya anayesimama nyuma ya kaunta jijini Kampala: kijana aliyekabidhiwa funguo za kibanda ndani ya arkedi za Mtaa wa William, binti anayeuza vitenge Kikuubo, mama mwenye meza ya mitumba Owino, mhudumu wa supamaketi aliyevishwa fulana yenye nembo ya kampuni. Ni ya mwenye duka pia. Sehemu yake iko mwishoni, na namwomba asiiruke, kwa sababu ndiyo nzito kuliko zote.

Wateja wakorofi wapo. Nitafika kwao, na sitawatetea. Lakini ugomvi mwingi wa madukani katika mji huu hauingii na mteja. Unapikwa mlangoni, katika nusu dakika ya kwanza, na aliyeupika ni muuzaji. Anayetaka kujua namna ya kumtuliza mteja mkali kabla hajajua namna ya kumpokea aliye mpole anaanza kazi kinyumenyume.

MLANGONI

Salimia kwanza. Kampala ni mji wa salamu. Asubuhi Muganda humuuliza mwenzake "Wasuze otya, nnyabo?", na mchana ukishasonga huuliza "Osiibye otya, ssebo?" Uliza, kisha subiri jibu. Usiulize huku macho yako yako kwenye rafu. Mtu aliyesalimiwa vizuri hulazimika kuitikia, na ni vigumu kumtukana mtu ambaye umeitikia salamu yake muda mfupi uliopita. Mteja akija mbio na swali tupu la bei, "Ssente mmeka?", msalimie hata hivyo, kisha umjibu bei. Usimnyime jibu ili kumfundisha adabu. Huenda ana mgonjwa hospitali ya Mulago, huenda basi lake linaondoka.

Ukisikia mteja anazungumza Kiswahili, mwamkie kwa Kiswahili. Najua lugha hii ilivyobeba kumbukumbu mbaya Uganda. Watu wazima wengi waliisikia kwa mara ya kwanza kama amri ya askari kwenye kizuizi cha barabarani, na wakawalea watoto wao waione kuwa ni lugha ya bunduki. Nchi yenyewe imeshasonga mbele. Mabadiliko ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaafiki kifundishwe shuleni kwa lazima. Wateja hawakusubiri katiba. Mfanyabiashara wa Butembo au Bunia kule Kongo anayekuja Kikuubo kufunga mzigo, Msomali wa Kisenyi, Mkenya, Mtanzania, wote hawa wanasikiliza kama utawaita wageni au wateja. "Karibu dada, pole na safari" haigharimu shilingi, na kwa mtu aliyelala ndani ya basi usiku kucha ni neno kubwa.

Usimshike mteja. Usimvute mkono. Usimzuie njia. Usimvike koti mabegani kabla hajaliomba. Owino, soko ambalo jina lake rasmi ni St. Balikuddembe na lilianzishwa mwaka 1971, lina vichochoro ambamo watu wawili hupishana kwa kugeuza mabega, na mwanamke anayepita humo huvutwa kushoto na kulia, huku umbo lake likitangazwa kwa sauti ili ajue kuna suruali ya saizi yake. Wanaofanya hivyo husema ni kuchangamkia kazi. Huko ni kumdhalilisha mtu, na haijalishi kwamba jirani yako anafanya vivyo hivyo na anauza. Mwanamke huyo akigeuka na kukufokea, usiende kusimulia kwamba umepata mteja mkorofi. Wewe ndiye uliyeanza.

Usipime mfuko wa mtu kwa viatu vyake. Anayekuja Kikuubo kutoka Kasese, Arua au Juba amevaa ndala zenye vumbi anaweza kuwa na mamilioni ya shilingi yaliyofungwa kiunoni chini ya nguo, kwa sababu hivyo ndivyo watu wa safari wanavyobeba pesa. Mwenye suti anaweza kuwa amejikinga mvua tu. Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Chuo Kikuu cha Princeton, Janine Willis na Alexander Todorov, walichapisha utafiti ambamo watu walioneshwa sura za wasiowajua kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Muda huo mdogo uliwatosha kuamua nani anaonekana wa kuaminika. Walipoongezewa muda, hukumu zao hazikubadilika sana. Kilichozidi ni kujiamini kwao tu kwamba wamehukumu sawa.

Fikiria maana yake dukani. Mteja ameshakuhukumu kabla hujainua macho kutoka kwenye simu, nawe umeshamhukumu. Hukumu yake huwezi kuizuia, ila unaweza kumpa sura nzuri ya kuihukumu. Yako unaweza kuizuia, na ni wajibu wako kuizuia.

Simu iwe chini, mfukoni au kwenye droo. Usimnyooshee mteja kidole kimoja asubiri umalize maongezi.

Usile kwenye kaunta. Rolex ya chapati na mayai, katogo, mhogo wa kuchemsha: mwachie mwenzako nafasi, nenda kando ule kwa utulivu, nawa mikono, kisha urudi. Mteja hataki kupokea kitambaa chenye alama ya mafuta ya vidole vyako, na wewe hustahili kula kwa wizi wizi kama mtu aliyefumaniwa.

Kumbuka kwamba uso wa kwanza wa duka kubwa ni wa mlinzi. Baada ya mabomu ya tarehe 11 Julai 2010, yaliyoua zaidi ya watu 70 waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia katika klabu ya raga ya Kyadondo na kwenye mgahawa wa Ethiopian Village, Kabalagala, kupekuliwa mlangoni kukawa jambo la kila siku Kampala. Upekuzi una sababu na uendelee. Lakini mtu anaweza kupekuliwa kwa heshima. "Naomba nitazame mkoba, nnyabo" ni tofauti na kifaa kinachosukumwa kifuani pake bila neno. Mara nyingi mlinzi ameajiriwa na kampuni nyingine na hakuna aliyemwambia lolote kuhusu wateja. Mhudumu wa ndani anampokea mtu aliyekwisha kukasirishwa na mwingine. Basi mpokee ukijua hivyo: msalimie upya, na ukimwona amekunja uso, usiuchukue mkunjo ule kuwa ni wako.

Taja bei ya kweli ya kuanzia, na ujue bei yako ya mwisho kabla hujafungua mdomo. Kupatana bei kwenye arkedi na sokoni ni mazungumzo halali kati ya watu wawili wanaoheshimiana. Ukitaja shilingi 80,000 mteja akasema 20,000, hajakutukana, amefungua mazungumzo. Mwambie aongeze. Mwoneshe mshono, mweleze ngozi ilivyo, shuka kidogo, naye apande. Usigune, usitupe bidhaa juu ya rafu, usimgeuzie mgongo.

Kuna neno moja ambalo wauzaji wa arkedi hulisema na ambalo nataka liondoke midomoni mwao: "Nenda Owino." Wanalisema kwa dharau, maana yake wewe ni wa vitu vya bei rahisi. Owino wananunua mawakili, walimu, wanafunzi wa Makerere na mama zetu. Anayemwambia mteja hivyo anajitia hasara ya leo na ya mwaka kesho, kwa sababu mtu husahau bei aliyoambiwa lakini hasahau alivyodharauliwa.

Na usipandishe bei kwa sababu ya sura au lafudhi. Kuna maduka ambako mwenye mali humpa muuzaji bei ya chini kabisa, na kinachozidi kinakuwa cha muuzaji. Utaratibu huo unamfanya kijana amwone Msudani Kusini au Mzungu kama bahati nasibu. Mgeni huyo ana simu na ana ndugu mjini. Akitoka hapo ataulizwa amenunua kwa bei gani, ataambiwa bei halali, na atarudi na hasira ambayo utaiita ukorofi.

Mkishakubaliana, umekubali. Usigundue ghafla kwamba ulikosea rangi au saizi. Ukiuza nyanya Nakasero au Kalerwe, toa nyongeza. Mteja anaihesabu nyongeza kuwa haki yake, na kumnyima ni kumwambia usirudi.

MTEJA ANAPOPANDISHA SAUTI

Tofautisha hasira na matusi. Hasira inahusu kitu: simu imezima baada ya siku mbili, kiatu kimebanduka soli, unga una wadudu. Matusi yanakuhusu wewe: sura yako, kabila lako, mwili wako, kazi yako. Mwenye hasira ana kesi, na kesi husikilizwa. Mwenye matusi hana kesi hata kama kiatu chake kimebanduka kweli. Asikilizwe akishaacha kutukana. Muuzaji asiyejua tofauti hii atamfukuza mwenye haki na kumnyenyekea mwenye jeuri. Nimeona yote mawili yakitokea mchana mmoja katika duka moja.

Kwa mwenye hasira, shika kitu chake mkononi. Kiangalie kweli. Muulize alikinunua lini na kilianza kuharibika vipi. Mwambie unachoweza kufanya na lini. Usiseme "mimi si mwenye duka", kwa sababu kwake wewe ndiye duka. Kama uamuzi si wako, mpigie mwenye duka simu hapo hapo, mteja akisikia.

Usijifiche nyuma ya ule mstari unaochapwa chini ya risiti za Kampala, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Uganda ina Sheria ya Mauzo ya Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017, na chini ya sheria hiyo bidhaa inayouzwa na mfanyabiashara inatakiwa ilingane na maelezo yake, iwe na ubora unaokubalika na ifae kwa kazi iliyonunuliwa. Mstari wa wino mdogo hauigeuzi simu mbovu kuwa nzima. Mteja aliyebadili nia hana dai kubwa, na unaweza kumkatalia kwa upole. Aliyeuziwa kibovu anadai haki yake, na sauti yake ya juu ni deni lako.

Shusha sauti yako yeye anapopandisha yake. Usitabasamu. Tabasamu ni la mlangoni. Mbele ya mtu aliyekasirika linasomeka kuwa ni kejeli.

Usimtete kwa lugha unayodhani haijui. Wauzaji wawili wakitazamana na kusemezana kwa Kiganda, au kwa Kinyankole, au kwa Kiswahili, mteja anajua anasemwa hata kama hajui neno moja. Na katika mji ambao watu wamekua na lugha tatu au nne, mara nyingi analijua.

Mwondoe kwenye hadhira. Ndani ya arkedi maduka yanatazamana kama vyumba vya nyumba ya kupanga. Sauti moja ikipanda, vichwa kumi vinachungulia, na mteja ambaye angekubali kubadilishiwa kiatu sasa hawezi kurudi nyuma kwa sababu watu wanamwangalia. Mwalike ndani zaidi, mpe kigoda, mpe maji. Na wewe jirani, usichungulie, usicheke, usizomee, usichangie neno. Kesho zamu ni yako.

Usimwite mtu mwizi. Hapa nitakaa, na msomaji anivumilie, kwa sababu kosa hili halirekebishiki.

Unahesabu bidhaa, unaona blauzi moja haipo. Unamwona mwanamke aliyeshika mfuko anaondoka haraka. Neno liko mdomoni. Katikati ya Kampala, karibu na Old Taxi Park au ndani ya Owino, ukilipaza neno hilo hutakuwa umemwita mlinzi. Utakuwa umeita umati, na umati hauulizi risiti. Watu wasiojua blauzi ilikuwa ya rangi gani watafika wakiwa na mawe na mbao. Ripoti za kila mwaka za polisi ya Uganda huhesabu mamia ya watu waliouawa na umati nchini, na mauaji hayo mara kwa mara huanza na mtu mmoja aliyepaza sauti akiwa na shaka tu. Huenda mwanamke yule alikuwa anakimbilia basi. Huenda kweli ameiba. Blauzi ya shilingi 15,000 si bei ya mtu.

Fanya hivi. Mfikie kwa miguu, peke yako au na mwenzako mmoja. Sema kwa sauti ya kawaida: "Samahani dada, naomba turudi kaunta, kuna kitu hatujamalizana." Maneno hayo hayamtuhumu. Aliyesahau kulipa atarudi, na atashukuru. Aliyechukua kwa makusudi, mara nyingi ataiacha hapo hapo. Akikimbia, mwache akimbie, kisha waite walinzi wa jengo au wapigie polisi simu kwa namba 999. Umati ukianza kukusanyika bila wewe kuuita, simama upande wa mtuhumiwa na useme wazi kwamba hakuna kilichoibwa. Ndiyo, hata kama kimeibwa. Mhasibu wa duka atapata namna ya kuiandika hasara ile. Wewe hutapata namna ya kuibeba roho ya mtu.

Noti ya mteja ikae juu ya kaunta mpaka apokee chenji. Ugomvi wa "nilikupa elfu hamsini" na "ulinipa elfu tano" ni wa kila siku, na dawa yake ni hiyo tu. Taja kiasi kwa sauti unapoipokea, hesabu chenji mbele yake, kisha ndipo noti iingie kwenye droo. Ukishuku kwamba noti ni kicupuli, yaani bandia, usiipandishe hewani watu waione na usiichane. Mrudishie na umwombe nyingine. Wengi wanaobeba noti bandia walipewa na mtu mwingine bila kujua.

Malipo ya simu yaangalie kwenye simu ya duka. Tangu MTN ilipoanzisha huduma hiyo Uganda mwaka 2009, pesa ya simu imekuwa sarafu ya pili ya mji, na imeleta ugomvi wake. Usitoe mali kwa sababu umeoneshwa ujumbe kwenye simu ya mteja. Usimwambie pia kwamba ni tapeli. Mwambie mtandao umechelewa, na msubiri pamoja. Mwaminifu atakaa.

"Unajua mimi ni nani?" Usijibu swali hilo. Kampala ina watu wenye vyeo vya kweli na ina wengi zaidi wenye vyeo vya kuazima: huyu anatoka Ikulu, yule ni shemeji wa jenerali, mwingine anainua ncha ya shati uone kilicho kiunoni. Bei iwe ile ile, heshima iwe ile ile, usiongeze wala usipunguze. Ila silaha ikishaonekana, mauzo yamekwisha. Akichukua, achukue. Usibishane, usimfuate mlangoni, na usiwe shujaa kwa mali ambayo si yako. Akishaondoka, andika sura yake, muda na gari lake, na uende kituo cha polisi ukiwa na shahidi.

Anayekugusa, anayekusemea mwili wako, anayeomba namba yako mara ya tatu baada ya kukataliwa mara mbili: rudi hatua moja, weka kaunta kati yenu, na useme kwa sauti inayofika kwa mwenzako, "Usinishike." Huhitaji kutabasamu. Huhitaji kumwita "boss". Una haki ya kukataa kumuuzia. Wasichana wengi wanaouza nguo na vipodozi mjini wamefundishwa kwamba kuvumilia mkono wa mteja ni sehemu ya kazi. Waliowafundisha hivyo wamewadanganya, na nasema hivi nikijua baadhi yao ni wanawake wenzao waliotangulia.

Usilipize kabila kwa kabila. Akikutukana kwa asili yako, mwambie mara moja kwamba hutaendelea kumhudumia akisema hivyo. Akirudia, mwite mkubwa wako. Wewe nawe usimseme Mkongo, Mnyarwanda, Msomali wala Mdinka kwa asili yake, hata mlango ukishafungwa. Atakayekusikia ni kijana mliyemwajiri jana, na ndivyo atakavyojifunza kazi.

Usimlipishe mteja wa pili makosa ya wa kwanza. Ukishatukanwa, toka. Dakika tano, maji ya kunywa, uso unawe. Mwenzako akushikie kaunta. Anayefuata hajui kilichotokea na hadaiwi chochote.

KWA MWENYE DUKA

Mji huu umeshaishi na duka lisilomhitaji mteja. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke nchini. Maduka yao yakagawiwa wanajeshi na watu wao, ambao wananchi waliwaita mafuta mingi. Wengi wa waliopewa hawakuwahi kuendesha duka. Akiba ilipokwisha haikujazwa, na kwa miaka mingi sukari, chumvi na sabuni vikawa vitu vya foleni na vya kujuana. Katika duka la namna hiyo muuzaji ni mfalme na mnunuzi ni mwombaji. Naamini tabia ya kumtazama mteja kama msumbufu, ambayo bado unaikuta mjini, ina mzizi wake mmoja hapo. Upande mwingine kuna akina Karmali, ukoo wa wafanyabiashara ambao Waganda waliwapa jina la Mukwano, rafiki. Jina hilo liko hadi leo kwenye sabuni, kwenye mafuta ya kupikia na kwenye jengo la biashara mjini. Hakuna tangazo la kununuliwa linaloweza kumpa mfanyabiashara jina kama hilo.

Leo kwenye ukumbi mmoja wa arkedi watu kumi wanauza kiatu kile kile. Mteja anahitaji hatua tatu tu kukuacha. Unalijua hilo, ndiyo maana unamfokea kijana wako mbele ya mteja ili mteja aone kwamba umechukua hatua. Acha. Mkanye ndani, mkiwa wawili. Mteja aliyekuona ukimdhalilisha mfanyakazi wako amejifunza tu kwamba katika duka lako watu hudhalilishwa.

Usitumie kauli ya "mteja hakosei" kama fimbo. Kauli hiyo huhusishwa na wafanyabiashara wa zamani kama Harry Gordon Selfridge, aliyefungua duka lake kubwa London mwaka 1909, wakati ambapo wanunuzi walizoea kutapeliwa na malalamiko yao kupuuzwa. Ilikusudiwa malalamiko yasikilizwe. Haikukusudiwa binti aliyeshikwa mwili amwombe radhi aliyemshika. Mteja hukosea, na siku akikosea namna hiyo, anayetakiwa kumtoa nje ni wewe. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 25 kuweka hatua za kuzuia unyanyasaji wa kijinsia kazini. Maduka mengi ya Kampala yana wawili au watatu, kwa hiyo sharti hilo haliwafikii. Wewe unawafikia. Waambie leo, kwa maneno yasiyo na utata, kwamba wana ruhusa yako kumkataa mteja wa aina hiyo na kwamba mauzo yaliyopotea hayatakatwa kwao.

Lipa kazi ya moyo. Mwaka 1983 mwanasosholojia wa Marekani Arlie Hochschild alichapisha kitabu kuhusu wahudumu wa ndege, akaonesha kwamba kutabasamu kwa amri siku nzima ni kazi kamili, na humchosha mtu kama kubeba mizigo inavyomchosha mpagazi. Muuzaji wako anafanya kazi hiyo kuanzia asubuhi hadi usiku, akiwa amesimama, ndani ya chumba kisicho na dirisha, kisha anatafuta teksi ya kumrudisha Bwaise au Nansana. Ukimwona amekunja uso jioni, usimtafutie semina ya huduma kwa wateja. Mtafutie kiti. Mtafutie mwenzake wa kupokezana naye. Mpe mshahara kwa tarehe mliyokubaliana.

Na mpe siku yake. Sheria ile ile ya Ajira ya 2006 inaweka kikomo cha kawaida cha saa 48 kwa wiki, na inakataza mtu kufanyishwa kazi zaidi ya siku sita mfululizo bila saa 24 za mapumziko. Maduka mengi mjini yanafunguliwa siku saba, na yule yule aliyefungua Jumatatu ndiye anayefungua Jumapili. Panga zamu wiki hii. Andika jina la anayepumzika na siku yake, ubandike karatasi hiyo ukutani mahali ambapo yeye na wateja wataiona, na siku hiyo ikifika usimpigie simu.